Boma la Zelie

Mwaka wa 1870 Wafaransa walishindwa vita na Waprusi. Kaizari wao alitekwa akiwa hai, jambo lililowakera watu kuliko kama angekufa, na majeshi ya adui yakauzingira mji wa Paris msimu mzima wa baridi. Ndani ya kuta watu walikula farasi, wakala mbwa, wakala panya. Mji uliposalimu amri na chakula kikaanza kuingia tena, ungedhani kwamba sasa wangepumzika. Hawakupumzika. Serikali mpya, iliyowaogopa maskini wake kuliko ilivyowaogopa Waprusi, ilihamia Versailles, mwendo wa nusu siku kwa miguu, na watu wa Paris wakajiundia utawala wao wakauita Komuna. Utawala huo uliishi miezi miwili na ushei. Kisha jeshi la Versailles likaingia mjini, likapanda mtaa baada ya mtaa, na kwa wiki nzima Paris ikawaka moto.

Mambo hayo yameandikwa na wengi, na wengi wao huanza na majenerali. Hapa tutaanza na dobi, kwani majenerali hawajawahi kukosa watu wa kuwasemea.

Jina lake lilikuwa Honorine Lescot, mjane aliyekaribia miaka hamsini, mpana wa mabega, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Alivaa sketi nzito ya sufu, aproni ya turubai, viatu vya mbao, na kitambaa chekundu kichwani kama nusu ya wanawake wa Belleville, kitongoji cha maskini kilichoko kilimani upande wa mashariki. Alikodi chumba cha kufulia kwenye ua wa nyumba moja ndefu ya ghorofa, penye birika kubwa la shaba la kuchemshia nguo, mapipa ya mbao, na kamba zilizovuka ua kutoka ukuta hadi ukuta. Magadi na maji ya moto yalikuwa yameinyausha mikono yake, ikawa myeupe na yenye makunyanzi kama ya mtu aliyesahauliwa ndani ya maji.

Alikuwa amechoka. Ni vizuri lijulikane mapema, maana picha za mashujaa huwaonyesha wakiwa wamekunja ngumi na macho yakiwaka, na Honorine hakuwa hivyo. Siku ya kwanza kabisa ya mambo hayo, askari wa serikali walipopanda kuja kuchukua mizinga ya mji, alikuwa miongoni mwa wanawake waliojipenyeza katikati ya askari na farasi wao, wakiwauliza kama kweli wangewapiga risasi mama zao. Askari waligeuza bunduki zao chini. Watu walicheza ngoma barabarani. Honorine alirudi nyumbani akakuta nguo za watu zinamngoja palepale alipoziacha, na tangu siku hiyo ziliongezeka tu. Alishona magunia ya mchanga. Alichota supu katika jiko la ushirika. Alifua bendeji za majeruhi, zile ndefu zilizokauka kwa damu mpaka zikawa ngumu kama gamba la mti, akazifua tena siku ya tatu zikiwa na damu ya mtu mwingine. Jioni wanawake walikutana kanisani kuzungumzia mishahara na shule za wasichana, naye alikwenda, akasinzia, akaamka, akapiga makofi.

Ghorofa ya kwanza ya nyumba hiyo aliishi Zelie Courtaud, na Zelie hakwenda popote.

Zelie alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, asiye na mume wala haja naye, na kazi yake ilikuwa kung'arisha vijiko na uma za fedha kwa ajili ya karakana moja ya mjini. Alikuwa na gurudumu la kukanyagwa kwa mguu, mawe laini ya kusugulia, na dawa nyeusi ya masizi na mafuta aliyoipaka kila kitu alichoshika. Kijiko kiliingia chumbani mwake kikiwa na ukungu, kikatoka kiking'aa, na weusi wote ulibaki kwa Zelie. Ulikuwa umekaa kwenye nyufa za vidole vyake miaka mingi. Ulikuwa chini ya kucha, kwenye viganja, hadi kwenye vifundo vya mikono. Vumbi lake lilitoka dirishani na kutua moja kwa moja kwenye mashuka ya Honorine yaliyoanikwa chini.

Hapo ndipo ugomvi wao ulipotoka, na ulikuwa ugomvi wa kweli. Honorine alikuwa akisimama uani na kumtukana Zelie na kizazi chake. Zelie alikuwa akitoa kichwa dirishani na kusema kwa upole unaoudhi kwamba hewa ni ya Mungu. Mambo ya Komuna yalipoanza Honorine alimgongea mlango kumwita ashone magunia. Zelie alijibu kwamba yeye ana hamsini zake, na kwamba wanaume wakitaka kuuana hawahitaji msaada wa uzi. Hawakusemezana tena baada ya siku hiyo.

Katika wiki ile ya moto, boma la mawe ya barabarani lilijengwa kwenye kona ya mtaa wao, na Honorine akaenda bomani. Alikwenda kupeleka maji. Kisha aliyekuwa akijaza risasi kwenye bunduki za shaspo akaanguka, na mtu akampa Honorine kazi ile kwa kuwa alikuwa amesimama karibu. Kisha aliyekuwa akipiga bunduki akaanguka pia. Asubuhi ya mwisho hapakuwa na mwanamume bomani mwenye nguvu ya kutoa amri, na ikawa ni sauti ya Honorine, ile ya ng'ambo ya mto, iliyosikika mtaa mzima ikiwaambia watu wainame, wapige, warudi nyuma. Walirudi nyuma. Wachache walifika salama.

Ilikuwa Jumapili ya Pentekoste. Honorine aliingia uani, akachota maji ya magadi, akanawa baruti usoni na mikononi. Kwa ngozi kama yake kazi hiyo haikuchukua muda wowote. Kitambaa chekundu alikitupa motoni chini ya birika. Akakaa juu ya pipa lililofudikizwa, na kwa muda hakuwaza kitu chochote.

Bawabu wa nyumba, mzee Anselme, alimkuta hapo. Alikuwa mwoga tangu kuzaliwa na hakuwahi kuificha hali hiyo.

"Wamefika mtaa wa pili," alisema kwa sauti ya chini. "Wanawatoa watu nje, wanatazama mikono. Mwenye mikono myeusi wanasema ameshika baruti. Wanamsimamisha ukutani, Mama Honorine. Hawaulizi kitu."

Honorine alitazama mikono yake. Kisha akainua macho kulitazama dirisha la ghorofa ya kwanza.

"Mungu wangu," alisema. "Yule mwanamke."

Alipanda ngazi akivuta miguu. Zelie alifungua mlango akiwa na kijiko mkononi. Siku ambayo mji ulikuwa unakufa, yeye alikuwa kazini.

"Nionyeshe mikono yako," Honorine alisema.

"Salamu umeisahau wapi?"

"Imekufa bomani. Nionyeshe mikono."

Zelie aliinyoosha. Ilikuwa myeusi kama siku zote. Honorine alimweleza aliyoyasikia kwa bawabu, na Zelie akasikiliza huku akikifuta kijiko taratibu.

"Hii ni ya kazi," alisema mwishowe. "Kila mtu wa hapa anajua. Wakija nitawaonyesha gurudumu langu, nitawaonyesha dawa, nitawaonyesha vijiko. Hata mjinga ataelewa."

"Askari hakupanda mlima huu ili aelewe, Zelie. Anatazama mikono, basi. Na vijiko vya fedha kwenye chumba cha mwanamke kama wewe? Watasema umevunja kanisa."

Zelie alikiweka kijiko mezani. Hilo la kanisa hakuwa amelifikiria, na hapo ndipo aliposhindwa.

"Sasa nifanye nini?"

"Shuka chini. Mimi ni dobi au si dobi?"

Walivitia vijiko ndani ya soksi wakavitumbukiza chooni. Mawe ya kusugulia yakafuata. Dawa nyeusi na matambara yake Honorine aliyatia motoni, yakalipuka moshi mzito. Gurudumu alilivunja kwa shoka la kuni, na vipande vyake vikaenda chini ya birika. Zelie alisimama akiutazama moto ule uliokuwa ukila kazi yake, midomo ameibana.

Kisha wakaanza mikono. Honorine alichanganya magadi makali kuliko aliyowahi kumtilia mtu, akaongeza ile dawa ya kung'arishia nguo inayochoma pua, akachukua brashi ya nywele za nguruwe. Aliisugua mikono ya Zelie kama anavyosugua kola ya shati la mwuza makaa. Weusi wa juu ulitoka upesi. Weusi wa ndani, ule wa nyufa, uligoma. Honorine akaongeza magadi. Ngozi ya Zelie haikuwa na mazoea kama ya kwake. Iligeuka nyekundu, kisha ikachubuka, kisha damu ikaanza kutoka kwenye viungo vya vidole.

"Inauma," Zelie alisema kwa meno yaliyofungwa.

"Jikaze kisabuni. Bado kidogo."

"Inatosha, Mama Honorine."

"Haijatosha. Bado naona nyeusi."

Ilikuwa hivyo. Mtu aliyefua nguo za watu maisha yake yote alikuwa amefika mahali pa kuamini kwamba shida ya kila kitu ni uchafu, na kwamba uchafu ukitoka hakuna mtu wa kuuliza tena. Fundi seremala asingefanya kosa hilo. Hata mwizi asingelifanya. Honorine alisugua mpaka alipoona nyeupe, akainuka, akanyoosha mgongo, na kwa mara ya kwanza wiki ile akahisi kuna jambo alilolimaliza vizuri.

Kepteni aliingia uani na askari sita. Suruali zao nyekundu zilikuwa zimekuwa kahawia kwa vumbi na moshi. Alikuwa kijana wa mashambani, mwenye macho ya mtu aliyekosa usingizi tangu wiki iliyopita, na alipozungumza alizungumza kama anayesoma kitu kilichobandikwa ukutani. Wakazi wote walipangwa kando ya ukuta. Bawabu Anselme aliletwa mbele.

"Tumeambiwa kuna mwanamke wa nyumba hii aliyeamuru boma la pale kona," kepteni alisema. "Kitambaa chekundu. Ni nani?"

"Ni kweli alitoka mwanamke, bwana," Anselme alisema, jasho likimtoka. "Nilimwona mgongo tu. Uso sikuuona, nakuapia."

Alikuwa ameuona uso. Alikuwa amemfungulia mlango kila asubuhi.

Kepteni alipita akitazama mikono. Alipofika kwa Honorine aliitupia jicho, akapita. Kwa Zelie alisimama.

"Mikono hii imefanyaje?"

"Ni dobi, bwana," Honorine aliwahi kujibu. "Ananisaidia. Magadi yanamla, hajayazoea."

Kepteni alimtazama Honorine, akamtazama Zelie, akatazama shuka lililokuwa likielea ndani ya pipa.

"Mama yangu alifua nguo za watu," alisema, si kwa ukali. "Likamueni hilo."

Wawili wakashika shuka, kila mmoja upande wake. Mtu aliyewahi kukamua shuka anajua kwamba lazima watu wazungushe wakipingana, mmoja huku na mwingine kule, maji yatoke. Madobi hawalifikirii jambo hilo. Mikono yenyewe inajua. Honorine alizungusha kama alivyozungusha maisha yake yote. Zelie naye, ambaye alimpa nguo zake jirani mwingine amfulie kila wiki, akamtazama Honorine na kumfuatisha. Shuka likazunguka lote kwa pamoja kama kamba ya watoto wa kuruka, na hata tone halikudondoka. Askari mmoja akacheka. Honorine akageuza mkono upesi, shuka likajibana, maji yakamwagika kwa kishindo juu ya mawe. Lakini kepteni alikuwa ameshaona.

Aliushika mkono wa Zelie akaugeuza. Pembeni mwa kucha, mahali ambapo hata brashi ya nguruwe haifiki, palibaki mstari mwembamba mweusi.

"Mtu hajichubui hivi bila sababu," alisema. "Ulikuwa unaficha nini?"

"Ni dawa ya kung'arishia vijiko," Zelie alisema. Sauti yake ilikuwa imetulia. "Mimi si dobi. Nang'arisha fedha. Sijashika bunduki maisha yangu yote."

"Vizuri. Nionyeshe vifaa vyako."

Zelie hakumtazama Honorine, angeweza kumtazama, na hakumtazama. Chini ya birika moto ulikuwa unaendelea vizuri.

Hapo Honorine alitoka ukutani. Hakuhisi ushujaa wowote, alihisi aibu tu, na aibu ile ilikuwa nzito kuliko woga.

"Mwache," alisema. "Ni mimi. Mimi ndiye niliyekuwa bomani. Mimi ndiye niliyetoa amri. Mikono ya huyu nimeisugua mimi, na vitu vyake nimevichoma mimi kwa upumbavu wangu. Nichukue mimi."

Kepteni aliitazama mikono yake mara ya pili, kwa makini zaidi: ile mikono myeupe, iliyonyauka, safi kuliko ya padri.

"Mama," alisema, "rudi ukutani."

"Nakwambia ni mimi! Nikupe jina la kila aliyekufa pale?"

"Unajua majina yao kwa kuwa uliwafulia mashati." Akamgeukia bawabu. "Huyu ni nani?"

Mzee Anselme alimtazama Honorine. Machoni mwake mlikuwa na huruma nyingi, na huruma ile ndiyo iliyoharibu kila kitu.

"Ni dobi wetu, bwana. Ana roho nzuri. Anapenda kuwabebea watu mizigo yao." Akameza mate. "Siku zote alikuwa hapa anafua."

Alidhani ameokoa mtu mmoja, na ni kweli alimwokoa. Kepteni aliagiza Zelie afungwe kamba. Hakumsimamisha ukutani, labda amri ilikuwa imebadilika asubuhi ile, labda alikuwa amechoka kuua. Walimtoa uani na aproni yake, bila shali, na Honorine akaendelea kupiga kelele mpaka askari mmoja alipomsukuma kwa kitako cha bunduki akaanguka juu ya shuka lililokamuliwa.

Msafara wa mateka ulikwenda Versailles kwa miguu, mamia ya watu waliofungwa wanne wanne, wapanda farasi pembeni, jua likiwachoma. Honorine aliufuata. Hakuna aliyemzuia kufuata; alikuwa mama mmoja mwenye viatu vya mbao. Njiani aliona wanawake wa kitajiri wakishuka kwenye magari yao ya farasi ili wawapige mateka kwa miavuli, wamevaa glavu za hariri, na akawajua kwa nguo zao, maana za namna ile aliwahi kuzifua. Alimwona Zelie mara mbili tu, kwa mbali, mgongo wake mwembamba ukiwa umenyooka na mikono yake iliyochubuka ikiwa imefungwa nyuma. Mara ya pili alimwita. Zelie hakugeuka, au hakusikia.

Huko Versailles Honorine alikwenda ofisi moja, akaambiwa aende nyingine. Katika ile ya mwisho alikuwapo karani mwenye mafua, aliyemsikiliza hadi mwisho, akapekua makaratasi yake, akatikisa kichwa.

"Boma la kona ile limekwisha kupata mtu wake," alisema. "Nikikuandika wewe, nitamfanya nini yule?"

"Mwachie aende zake."

"Mama, mimi siachii watu. Naandika tu." Akapenga kamasi, kisha akaongeza kwa upole, "Nenda nyumbani kabla hujampata mtu atakayekuamini."

Hakwenda nyumbani. Alipata kazi ya kufua nguo za maofisa, katika mji huohuo, kwa kuwa ushindi nao una nguo chafu. Alirudi ofisini kila alipopata nafasi, mpaka wakamzoea na kumwita mama wa boma, kwa kicheko. Majira ya joto yalipita, majani yakapukutika, baridi ikarudi. Zelie alipofikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, Honorine alikuwa amesimama nyuma kabisa, kati ya wageni waliokuja kutazama. Wakili hakuwa na la kusema. Askari wawili waliapa kwamba walimtambua kwa sauti, ingawa Zelie hakuwa na sauti ya kumfikia mtu wa meza ya pili. Honorine alipaza yake, ile yenyewe, kutoka nyuma ya ukumbi: "Hii hapa sauti mliyoisikia!" Wakamtoa nje kwa fujo. Hukumu ilikuwa kupelekwa ng'ambo, visiwa vya mbali upande wa pili wa dunia, safari ya miezi, bila tarehe ya kurudi.

Karatasi za mahakama ile zinasema kwamba Zelie Courtaud, mng'arishaji wa fedha, aliamuru boma la Belleville kwa ukaidi mkubwa na alikuwa wa mwisho kuliacha. Ndilo jambo pekee lililoandikwa juu yake popote. Juu ya Honorine Lescot hakuna hata mstari mmoja. Wanaopenda mambo ya kale humtaja Zelie kwa heshima, na mimi sina nia ya kuwanyang'anya heshima yao. Nataka tu wajue ilivyopatikana.

Kabla mateka hawajapelekwa pwani kupanda meli, ndugu waliruhusiwa kuwaaga. Honorine aliandikisha kwamba yeye ni dada, na askari wa zamu, aliyechoshwa na madada wa siku ile, akampitisha. Palikuwa na dirisha la nondo na upande wa pili benchi. Zelie alikuja akakaa. Alikuwa amekonda zaidi, na nywele zake zimekatwa.

Honorine alikuwa amekuja na maneno mengi. Alikuwa ameyapanga wiki nzima akiwa juu ya mapipa, na sasa hakuliona hata moja. Akabaki anashika nondo na kulia kwa sauti, hana hata aibu ya kulia.

"Nyamaza," Zelie alisema. "Nilikuwa na hasira nawe. Nilikuwa nayo miezi mingi, nikailea kama mtoto. Imeniishia. Sijui imekwenda wapi."

"Ungewaonyesha vijiko. Ulitaka kuwaonyesha."

"Ningewaonyesha. Huenda wangeelewa, huenda wangenipiga risasi na vijiko wakagawana." Aliinua mabega. "Nisikilize, hatuna muda. Humu ndani tuko wanawake wengi. Wapo waliopigana kweli. Waliposikia boma langu ni lipi walinipa mahali pazuri karibu na jiko. Wananigawia mkate wao. Wale wadogo wanakuja kuniuliza."

"Wanakuuliza nini?"

"Ilikuwaje. Nani alikuwapo. Nani alikufa vipi. Mmoja kaka yake alifia pale." Zelie alikaribia nondo, sauti ikashuka. "Mwanzoni niliwaambia ukweli, kwamba sikuwapo. Wakadhani naogopa wapelelezi. Yule msichana alilia. Sasa nakwenda nao kisiwani, Mama Honorine, na huko nitakuwa mwanamke wa boma mpaka nife. Sitaki kumdanganya mtu juu ya kaka yake. Nieleze. Nieleze yote, tangu mwanzo."

Honorine alifuta uso kwa aproni. Kisha akamweleza. Alimweleza juu ya mvua ya usiku uliotangulia, na jinsi mawe ya barabarani yalivyoteleza walipokuwa wakiyapanga. Alimtajia mwezeka paa kutoka mtaa wa juu, aliyekuwa akivuta kiko kitupu, na mwanamke wa soko la samaki aliyekufa katikati ya mzaha wake mwenyewe kabla hajafika mahali pa kuchekesha. Zelie alipomtajia jina la kaka wa yule msichana, alimweleza alikuwa upande gani wa boma, na kwamba hakuteseka, na hilo lilikuwa kweli. Zelie alisikiliza midomo ikicheza kidogo, kama mtu anayejifunza sala. Mara kwa mara alimkatiza: bendera ilikuwa upande upi, risasi ziliwekwa wapi, nani aliyesema turudi nyuma.

"Ulisema wewe," Honorine alijibu. "Ulisema mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hawakusikia."

Askari wa zamu aligonga rungu ukutani. Wanawake wa upande wa pili walianza kuinuka kwenye mabenchi yao, nguo zikichakarika. Zelie aliinuka pia, akapiga hatua, akarudi kwenye nondo.

"Na niliogopa?" aliuliza.

"Uliogopa sana," Honorine alisema. "Lakini hukuondoka."